Mbingu Inayonuka Mtobe

Jumamosi, Kasulu. Asubuhi ukungu, mchana jua la kuchoma lililojibana katikati ya mvua mbili, jioni hii mawingu mazito upande wa Heru. Hali ya moyo: kinyaa. Kinyaa cha kutoka kisiginoni mpaka utosini.

Shajara, leo nimenusa kwapa la mbingu.

Kwa anayepita humu kwa mara ya kwanza, nijieleze kidogo. Mimi ni mwalimu wa sayansi niliyeacha ubao nikashika puto. Puto lenyewe ni nyumba ya kitambaa, nje nyeusi, ndani nyeupe, ambayo ukiifungia feni inavimba na kuwa kuba kubwa kuliko darasa. Watoto wanaingia kwa kutambaa, wanapita kwenye mkono mrefu wa kitambaa, wanalala chali gizani. Tunawasha projekta iliyo katikati, na juu yao linatokea anga zima la usiku, wakati nje ni asubuhi kweupe na mbuzi wanakula majani ya uwanja wa mpira. Tunazunguka nalo shule za Kasulu, Kibondo na Buhigwe. Sisi tunaliita kuba ya nyota. Watoto wanaliita Tumbo, kwa sababu linakumeza kupitia koo na likikutema unatoka umelowa jasho. Baada ya leo nimekubaliana na watoto.

Watu wanafikiri kazi yangu ni nyota.

Kazi yangu ni miguu.

Sheria ya kwanza ya Tumbo ni viatu nje, maana kokoto moja kwenye soli inatosha kutoboa sakafu. Sheria nzuri. Ila jaribu kufikiria darasa zima la watoto waliotembea kutoka vijijini kwenye udongo huu wetu mwekundu, wamevua viatu vya plastiki vilivyopikwa na jua, wamefungiwa pamoja ndani ya mfuko wa kitambaa usio na dirisha. Harufu hiyo haina jina kwa Kiswahili wala kwa Kiha, nimelitafuta. Halafu wapo wenye soksi. Afadhali wasio na soksi, nasema hivyo mbele ya Mungu.

Na miguu ni mwanzo tu. Wapo wanaotapika anga linapozungushwa haraka, na siku zote ni ugali wa muhogo na maharage. Wapo wanaojikojolea kwa kuogopa giza na hawasemi. Wapo wanaopaka kamasi ukutani wakidhani gizani Mwalimu haoni, na kweli sioni, nakuja kuligusa baadaye kwa kidole. Feni nayo inavuta kila kilichopo uwanjani: manyoya ya kuku, nywele, vumbi la mavi ya mbuzi. Siku moja ilivuta mende mzima, akafika ndani akiwa hai, akapanda juu ya lenzi, na watoto wakaona kivuli chake kikubwa kama ng'ombe kikikatiza mbinguni. Walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta wa ofisi ya walimu.

Kwa hiyo kila tukirudi safari tunalijaza upepo uani kwangu na kulifanyia usafi. Unafagia ndani kwa ufagio laini. Unafuta kuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua kwa nguvu, kwa sababu weupe wa ndani ukichubuka nyota zinaota mabaka. Unafungua wavu wa feni na kuokota uchafu kwa mkono. Lenzi ina kitambaa chake peke yake, na anayeifuta kwa kanga tutagombana mpaka kaburini. Halafu unakaa ndani wakati wa jua kali ukiangalia juu: palipotoboka panawaka kama nyota, nyota isiyo kwenye ramani yoyote, na hapo unaweka kiraka. Mwisho unalikausha. Unalikausha tena. Ukilikunja likiwa na unyevu kidogo tu, siku ya kulifungua unakaribishwa na fangasi.

Wapo watu wanaofanya usafi wakiimba. Mimi nafanya huku nimebana pumzi. Mama yangu kule Muyama aliniambia tangu utotoni kwamba mchagua nazi hupata koroma, ingawa Muyama hakuna mnazi hata mmoja, nami nikamjibu kwamba koroma angalau limefungwa, haliingii nzi.

Sasa niseme kuhusu Hamimu, maana bila yeye leo isingenuka.

Hamimu ndiye mwenzangu wa kazi. Ndiye dereva, ndiye fundi wa jenereta na wa viraka, ndiye anayesimama mlangoni kupanga watoto. Ni kijana wa mjini, amezaliwa na kukulia dukani kwa baba yake, Mzee Masudi, anayeuza vitambaa sokoni hapa Kasulu. Familia ya heshima: babu alitokea Ujiji, mama ni mtu wa Tanga, na mzee mwenyewe ni mmoja wa wasimamizi wa madrasa ya mtaani kwao. Mzee Masudi hajawahi kuliona Tumbo. Kwake yeye, mwanawe aliacha duka ili kuzunguka vijijini na sinema ya gizani, ambako watu wanalala chini wamechanganyikana. Baba na mwana wanasalimiana, wanaulizana afya na bei ya vitenge, lakini habari ya kazi haitajwi. Hamimu si mtu wa kulalamika. Ila nimeshamwona: tukipita sokoni na Tumbo limo garini, hasimamishi gari karibu na duka.

Kesho Tumbo linakwenda madrasa.

Hamimu ameliomba jambo hili muda mrefu, kwa upole, kwa kupitia kwa ustadhi. Wamekubaliana kila kitu, hata wasichana kuingia zamu yao na wavulana yao. Na wiki hii Mzee Masudi akasema, "Nitakuja nione." Maneno hayo tu. Hamimu alinirudishia maneno hayo njia nzima ya kutoka Kibondo, nikajifanya nimesinzia ili apumzike.

Basi, Alhamisi tulikuwa shule moja ya kijijini upande wa Kibondo, kwenye njia ya kwenda Nduta. Tulipomaliza, kina mama wakaja na shukrani. Kule mgeni haondoki mikono mitupu, ni aibu ya mwenye nyumba. Kwa kawaida tunapewa maharage, ndizi, asali. Safari hii waliulizana kwanza kuhusu dereva, wakaambiwa ni Mwislamu, kwa hiyo hawakuleta pombe ya ndizi. Walileta mtobe, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa asubuhi ile ile, kwenye dumu la njano lililozibwa mdomo kwa jani la mgomba lililosokotwa.

"Huu ni mtobe tu, mwanangu," mama mmoja alimwambia Hamimu. "Hauna kilevi. Hata mtoto anakunywa."

Ilikuwa heshima kubwa, nami niliiona. Lakini nililiona pia lile dumu. Mtobe unakamuliwa kwa mikono, ndizi na majani pamoja, na mimi nimekulia kwenye mtobe, naijua hiyo mikono, najua kuna shangazi ambaye kucha zake hazijawahi kusafishwa. Nzi walikuwa wamejipanga kulizunguka jani. Nikasema asante, nikarudi kinyumenyume, nikakaa kiti cha mbele, nikageuzia uso dirishani.

Kwa hiyo sikuona.

Sikuona Hamimu akilichomoa lile jani, akaliona uchafu, akalitupa. Sikuona akichukua kifuniko cha dumu letu la maji na kukikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, ili zawadi ya watu isimwagike. Sikuona akitafuta mahali laini pa kulilaza lisigongwegongwe njiani. Mahali laini kuliko pote kwenye gari letu ni katikati ya mikunjo ya Tumbo, ndani ya begi lake.

Mtoto yeyote wa kijijini anajua kwamba mtobe unapumua. Ndiyo maana unazibwa kwa jani. Ukiubana kifuniko, ukautikisa kutoka Kibondo mpaka Kasulu, ukauacha kwenye gari lililofungwa Ijumaa nzima juani, kwanza unachacha, halafu unakuwa pombe, halafu unakuwa bomu. Hamimu ni mtoto wa dukani. Vinywaji anavyovijua yeye vinakuja vimefungwa na kiwanda.

Mimi ningejua. Kama ningegeuza shingo tu, ningejua.

Leo asubuhi nikafungua mlango wa nyuma wa gari, na harufu ikashuka kabla sijagusa kitu. Harufu nzito, tamu, chachu, ya kilabu kilichofungwa na wateja wakiwa ndani. Dumu lilikuwa limepasuka ubavuni. Begi limelowa. Nilipofungua zipu, povu likanitazama. Sisimizi walikuwa wameshafika, nisiulizwe walipanda vipi gari, wanatembea kwa msafara kwenye mikunjo. Vile vinzi vidogo vya ndizi vikaniingia puani. Na kwenye pindo la mbingu, palipo peupe kuliko pote, mjusi alikuwa amenasa kwenye sukari, amekufa, mkia uko kando.

Nilitapika, Shajara. Nyuma ya banda la kuku, chai yote na kiazi.

Niliporudi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Hamimu, mengine ya Kiha, kwa sababu Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya namna hiyo. Nilikuta amechuchumaa mbele ya begi, ameshika kile kifuniko. Alikuwa anakikaza na kukilegeza hewani.

"Mwalimu," alisema, "kesho baba atanusa kabla hajaona."

Nikaenda kutafuta maturubai.

Tukafanya kazi. Tulilitandaza Tumbo juu ya maturubai, tukalimwagia maji mengi, yeye akibeba ndoo kutoka bombani na mimi nikifuta. Maji ya uvuguvugu na sabuni hayakufua dafu: utamu wa ndizi ni gundi, unautoa hapa unahamia pale. Nikachanganya siki na maji. Siki ilikata utelezi lakini ikaleta harufu yake, sasa tukawa na kilabu chenye kachumbari. Nikaja na malimao. Kwenye mishono, ambako mtobe ulikuwa umejificha, nikavunja sheria yangu mwenyewe nikatumia dodoki, taratibu, kwa ncha, huku nikitoa vichwa vya sisimizi kimoja kimoja. Mikono ikanata. Nguo zikanata. Nywele, sijui kwa njia gani, zikanata. Kuku wa jirani wakaja kudonoa maji machafu na baada ya muda wakaanza kutembea upande upande.

Kuna wakati nilimchukia Hamimu kweli kweli. Niliwachukia kina mama wa kule na heshima yao. Nikaichukia ndizi yenyewe, mmea mzima, tangu mizizi. Naandika hivi bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri Tumbo lilikuwa limekauka. Tukafunga feni, likavimba, jeupe ndani, zuri. Nikaingia, nikavuta pumzi kwa woga. Hakuna kitu! Hamimu akaingia, akanusa kila pembe kama paka. Hakuna kitu. Tukatazamana tukacheka, mara ya kwanza kutwa nzima.

Halafu kicheko kikatutoka wote wawili kwa pamoja. Muuza dagaa hasikii dagaa zake. Tulikuwa tumeshinda ndani ya ile harufu tangu asubuhi, pua zetu si mashahidi.

Ikabidi tutafute pua ya nje. Ya karibu ilikuwa ya Mama Felista, jirani yangu wa nyuma ya ua, anayejikimu kwa kupika pombe, na ambaye nimegombana naye mara nyingi kuhusu upepo unakoelekea. Alikuja, akavua kandambili, akatambaa akapotelea ndani. Kisha sauti yake ikatoka tumboni:

"Yoo, Mwalimu! Hii imefika. Ungeiacha mpaka keshokutwa ingekuwa tamu zaidi!"

Na hakutoka. Tulimwita akasema anapumzika kidogo. Ilibidi nizime feni ndipo akatoka, akicheka, akitaka kujua tumetumia ndizi gani.

Hamimu hakucheka. Nikamshauri tuahirishe, tuseme feni imeharibika. Akatikisa kichwa. Alisema akiahirisha, baba yake hatasema tena nitakuja. Akasema pia kwamba kesho watakuwepo wasimamizi wenzake wote, na ustadhi, na wazazi, na kama ni kunusa pombe kwenye kazi ya mwanawe, afadhali mzee anuse leo, peke yake, kuliko kesho mbele za watu. Kabla sijajibu alikuwa ameshapiga simu.

"Baba, naomba uje leo. Kwa Mwalimu. Kabla ya watu."

Mzee Masudi alikuja baada ya swala ya alasiri, kwa miguu, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya taratibu. Hakutaka kiti. Alilizunguka Tumbo lote. Mahali fulani akasimama, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akakisugua jinsi wauza vitambaa wanavyofanya, akapitisha kidole juu ya kiraka.

"Mshono huu kashona nani?"

"Mimi, baba."

Mzee akakitazama tena kile kiraka. Akavua viatu bila kuambiwa, akakusanya kanzu yake, akapiga magoti kwenye mlango wa kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima wa heshima zake, anatambaa kwenye matope ya uani kwangu kuifuata harufu ya pombe.

Hamimu aliingia naye. Mimi nikakaa ndani ya lile koo, nusu ndani nusu nje. Hamimu akawasha anga. Aliliweka anga la Kasulu la usiku huu huu, kabla ya mvua, limejaa. Akaanza kueleza, sauti yake si ile ya shuleni, imekuwa nyembamba. Kisha nikamsikia mzee akivuta pumzi kwa pua. Mara moja. Mara ya pili, ndefu.

"Hamimu."

"Naam, baba."

"Humu kumechacha kitu."

"Ni mtobe, baba. Tulipewa zawadi Kibondo. Niliufunga kifuniko mimi, ukapasuka. Haukuwa pombe tulipopewa. Wallahi haukuwa."

"Ulikaza kifuniko?"

"Nilikikaza."

"Jani ulilipeleka wapi?"

Hamimu hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa, pale kwenye koo, nikasahau kubana pumzi. Mfanyabiashara wa vitenge, mwana wa Ujiji, anaulizia jani.

"Nililitupa, baba. Niliona ni uchafu."

Feni inavuma. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Zima hizo nyota."

Hamimu akazima. Nilijua yamekwisha, madrasa imekwisha, na nadhani naye alijua hivyo.

"Sasa tokeni. Niacheni kidogo."

Tukatoka. Tukasimama karibu na feni, Hamimu ameweka mkono juu yake kana kwamba ikizimika ataifufua. Ndani hakuna taa, hakuna sauti. Kwanza niliogopa mzee amezirai. Baadaye nikamsikia akikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyelala chali, nikajua ni mzima, amelala gizani na hakuna nyota hata moja ya kuangalia.

Alipotoka, kofia ilikuwa mkononi. Macho mekundu. Alikaa kwenye ukingo wa ngazi yangu akavaa viatu polepole, akiongea na kamba za viatu kuliko na sisi.

"Bibi yako alikuwa anakamua mtobe, kule kijijini Kitanga. Mimi ndiye niliyekuwa nashika mtungi. Baba alipofariki ndio uliotulea, mtobe na pombe yake, mpaka ami yangu akaja kunichukua, akanipeleka Ujiji. Nilikuwa nalala nyuma ya mtungi, kuna joto. Harufu hiyo sijaisikia tangu tumzike."

Hamimu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusikia bibi yake alikuwa na kazi. Aliambiwa tu alikuwa mcha Mungu na alifariki.

Kisha mzee akasimama, akavaa kofia, akawa tena Mzee Masudi wa sokoni. "Kesho isiwepo," alisema. "Watoto wasiikute. Nitaleta udi, nifukize humo ndani."

Hapo ikabidi mimi nimkatalie mtu mzima. Nikamwambia, Mzee, samahani sana, kaa la moto halivuki mlango huu, cheche moja tu kitambaa chote kinakwenda. Nilitegemea akasirike. Akaitazama feni, akauliza kama si hiyo inayoingiza hewa ndani. Akasema kanzu inafukizwa juu ya tenga, moto uko chini na nguo haiugusi. Basi chetezo kikae nje, mbali na mdomo wa feni, kifunikwe na wavu, feni ivute moshi wenyewe.

Tumefanya hivyo. Kwanza nilitoa projekta na kuifunga lenzi kwa kitambaa chake, maana moshi wa udi unaacha mafuta, na mafuta ya udi kwenye lenzi ni kesi nyingine. Hamimu alikaa na ndoo ya maji pembeni ya chetezo, hakuondoka. Udi umetoka kwa mama yake, wa Tanga, na naomba nikiri kwamba udi nao siupendi, unaniingia kichwani na kukaa huko. Sasa hivi Tumbo linanuka udi, siki, limao, miguu ya watoto wa Kibondo, na chini kabisa, ukiijua, mtobe. Kichwa kinanigonga.

Mzee alipokuwa anaondoka alimwambia mwanawe, bila kugeuka vizuri, "Kesho mlangoni nitakaa mimi. Viatu vya watoto nitavipanga mwenyewe." Hamimu akaitikia naam, akaingia nyuma ya gari, akakaa huko muda mrefu akipanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mvua imeanza. Tumbo limo barazani, kavu, limekunjwa kwa adabu. Kuna mshono mmoja, nyuma, karibu na pale feni inapofungwa, ambao dodoki halikuufikia sawasawa. Niliuona nilipokuwa nakunja. Nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikakishika. Kisha nikakianika tena kwenye kamba, mshono nikauacha ulivyo. Fangasi wakija nitawaona, nitapambana nao. Mjue tu kwamba mtobe bado unanuka vibaya. Sijasema unanukia.

Leo kutwa nzima, bila kujua, nilikuwa namsugua mama wa mtu kwa dodoki.

Nimemaliza kuoga, mara mbili. Nimenusa mikono yangu kabla ya kukaa kuandika. Sabuni. Siki kidogo. Baada ya hapo hakuna kitu, hakuna mtu, safi. Nimekaa hapa nasikiliza mvua na najiuliza jambo ambalo sikulitegemea: mimi siku nikiwa sipo, anayenitaka atanitafuta kwenye harufu gani?